Mbegu za Pindo

Hebu niambie wewe, mtu akitoka kazini jioni, anarudi nyumbani na nini?

Utasema anarudi na mkate. Anarudi na uchovu. Kama ni mtu wa maneno, anarudi na umbea wa huko alikotoka. Yote ni kweli. Lakini kuna kitu kingine anaweza kurudi nacho asikione wala asisikie harufu yake. Akakipitisha mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akampa mtoto wake. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja ya mafundi wawili.

Mume alikuwa fundi wa betri za magari. Watu walimwita Fundi Betri. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Betri zilizokufa alizipasua, akatoa vipande vya risasi vilivyomo ndani, akaviyeyusha kwenye karai na kumimina upya. Risasi hii ninayoisema ni madini ya kijivu, laini, mazito ajabu. Kipande kidogo tu ukikishika unashangaa, mkono unashuka wenyewe.

Mke alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Mapazia yake yalikuwa na sifa mji mzima. Upepo ukivuma, mapazia ya wengine yanaruka mpaka mezani na kuingia kwenye chai. Ya kwake yanashuka wima kama askari kwenye gwaride. Siri ilikuwa ndani ya pindo. Alishona humo vipande vidogo vya risasi, bapa, kama mbegu za boga. Mwenyewe aliziita mbegu.

Mbegu hizo alitengenezewa na mumewe tangu siku za uchumba.

"Wenzangu walikuwa wanapeleka maua," Fundi Betri alipenda kutania. "Mimi nilipeleka risasi. Maua ya wenzangu yako wapi leo?"

"Yamenyauka," mkewe humjibu. "Na wewe umekaa kama risasi yako, hunyanyuki kwenye kiti."

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, bado hajaanza shule. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alisema na kuku, alisema na cherehani, alisema na sahani yake ya chakula. Jioni akisikia kengele ya baiskeli ya baba yake, huruka na kukimbia mlangoni.

"Baba, nibebe!"

"Ngoja niweke baiskeli, mwanangu."

"Utaiweka nikiwa juu!"

Fundi Betri humnyanyua, akamkalisha mabegani, juu ya ovaroli lake jeusi kwa vumbi la karakana. Chiriku hushika nywele za baba yake kwa mikono miwili, kisha mikono ile ile huenda mdomoni na kwenye mkate. Mama yake huwatazama akicheka, pini zimebanwa kati ya midomo.

"Mama, utazimeza," Chiriku humwonya.

"Mafundi wote hushika pini hivi."

"Na mimi fundi," husema Chiriku.

Ndivyo siku zao zilivyokwenda. Kisha mambo yakaanza kubadilika, polepole, kama rangi ya nguo inavyopauka. Chiriku akaanza kulalamika tumbo. Akawa mweupe viganjani. Akikimbia anajikwaa pasipo kitu. Kubwa kuliko yote, maneno yalipungua. Alianza sentensi akaiacha katikati, akabaki anatazama ukuta.

Dada yake Fundi Betri aliishi nao nyumba ile. Alikuwa mwanamke mwema, ila ulimi wake ulikuwa na wembe.

"Wifi," alisema siku moja, "mtoto wa kaka yangu alikuwa redio. Naona sasa betri imekwisha."

Mama Chiriku hakucheka. "Ni minyoo," alisema. Alikwishampa dawa ya minyoo, akarudia tena. Tumbo liliendelea kuuma.

"Minyoo gani inayokula maneno?" Wifi aliuliza. Na safari hii naye hakucheka.

Siku ya Jumamosi mchana Mama Chiriku alikuwa anapima kitambaa. Alisikia kishindo nyuma yake, kama gunia dogo limeanguka. Aligeuka. Chiriku alikuwa sakafuni. Macho yamepanda juu, mikono na miguu inatetemeka, povu kwenye pembe ya mdomo.

"Wifi! Wifi, mtoto!"

Wifi aliingia mbio, mikono ina povu la sabuni. "Degedege! Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu!"

Walimfunga kwenye kipande cha pazia kilichokuwa mezani, bado kina pini, wakakimbia naye barabarani. Mwenye gari la kwanza aliwaona akafunga breki bila kuuliza.

Hospitalini degedege lilitulizwa kwa sindano. Chiriku akalala, mdogo kitandani kama mdoli. Fundi Betri alifika na ovaroli lake, anahema. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimtazama usoni, akatazama nguo zake, akatazama viatu.

"Baba wa mtoto unafanya kazi gani?"

Mama Chiriku alishangaa. Mtoto ndiye mgonjwa, kazi ya baba yake inahusu nini?

"Betri za magari," alisema Fundi Betri. "Kwa nini?"

"Tutampima risasi kwenye damu," alisema daktari. "Watafiti wa afya walipita mjini hapa. Walipima watoto wanaokaa karibu na karakana, na watoto wa mafundi. Wengi walikuwa na risasi damuni na wazazi hawakuwa na habari. Dalili zake zinafanana na minyoo, na upungufu wa damu, na hata uvivu tu. Huwezi kuijua kwa macho. Lazima upime damu. Siku hizi tukimwona mtoto wa namna hii, kazi ya wazazi tunaiuliza mapema."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita chumbani kwake na kufunga mlango. Mama Chiriku alipouona ule mlango unafungwa, alimshika mumewe mkono.

"Risasi ipo, na ni nyingi sana," alisema daktari.

"Haiwezekani," alisema Fundi Betri. "Daktari, mimi naishika tangu sijaota ndevu. Nipo. Nakula, nalala, nafanya kazi."

"Nyoosha mikono."

Alinyoosha. Vidole vilitetemeka kama vya mzee.

"Huo ni umri tu," alisema Fundi Betri.

"Una umri gani?"

Fundi Betri alirudisha mikono mfukoni.

"Na wewe tutakupima," daktari alisema kwa upole. "Inadhuru hata mtu mzima. Lakini mwili wa mtoto unainyonya kuliko wako, na ubongo wake bado unajengwa. Risasi ikiingia humo inavuruga ujenzi. Kwa mtoto hakuna kiasi tunachoweza kusema hiki ni salama."

Mama Chiriku alikuwa na swali moja tu. "Ataongea tena?"

Daktari alivua miwani. "Sitakudanganya, mama. Dawa ya kuitoa ipo, na ataanza leo. Mengine yatarudi. Mengine huenda yasirudi, siwezi kukuahidi. Lakini hili nakwambia wazi. Nikimtibu halafu arudi kwenye risasi ile ile, nimefanya kazi bure. Inaingiaje mwilini mwake? Tafuteni huko nyumbani, mfunge njia."

Siku iliyofuata Bibi Afya alifika nyumbani. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, kazi yake kutembelea familia na kuzifundisha. Alivua viatu mlangoni, akaomba maji anawe.

"Ovaroli linafuliwa wapi?"

"Hapa," alisema Mama Chiriku. "Kwenye hili beseni."

"Na mtoto anaogea wapi?"

Mama Chiriku alitazama beseni. Wifi alilisukuma kwa mguu mpaka nje ya mlango.

Bibi Afya alieleza taratibu. "Vumbi la risasi linakaa kwenye nguo, kwenye nywele, chini ya kucha, kwenye viatu. Mtoto anashika, anatia mdomoni. Basi ovaroli na viatu vya kazi vibaki karakana na vifuliwe huko huko. Fundi aoge huko kabla hajapanda baiskeli. Nyumba msifagie pakavu, vumbi litaruka. Futeni kwa kitambaa kibichi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mpeni maharage, mboga za majani, dagaa, maziwa. Chakula hakiifukuzi risasi, lakini mwili wenye njaa unaidaka upesi zaidi."

"Tukichemsha maji ya kunywa?" Wifi aliuliza.

"Chemsha kwa ajili ya vijidudu. Risasi haiogopi moto wa sufuria."

Walishika kazi. Walifuta sakafu, walifuta madirisha, walifuta mpaka miguu ya cherehani. Karakana haikuwa na maji, kwa hiyo kila asubuhi Fundi Betri alifunga dumu la maji kwenye baiskeli. Jioni aliogea nyuma ya bati moja. Mafundi wenzake walipiga vigelegele.

"Bwana harusi huyo! Leo unaoa wapi?"

"Cheka," aliwajibu. "Kisha nenda kampime mwanao."

Chiriku aliruhusiwa kurudi nyumbani. Risasi damuni ilikuwa imeshuka. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Jioni ya kwanza kengele ya baiskeli ililia. Mama Chiriku alimwona mtoto anainua kichwa. Kisha anasimama. Kisha, hatua kwa hatua, anakwenda mlangoni, mikono juu.

Siku ile dumu lilikuwa limetoboka njiani. Fundi Betri alikuwa amerudi vile vile, na vumbi lake, akikusudia kuzunguka nyuma ya nyumba aoge huko. Alipoona ile mikono midogo inamfikia gotini, aliingiwa na hofu.

"Usinishike!" alipiga kelele. "Rudi! Usinishike!"

Chiriku alisimama. Alishusha mikono, akaificha mgongoni. Aligeuka na kurudi ndani.

Tangu siku hiyo kengele ikilia hakusimama tena. Baba yake alioga mpaka ngozi ikang'aa, akaja kukaa karibu naye, akamwita majina yote ya mapenzi. Chiriku alimtazama tu, mikono mgongoni.

Siku ya kipimo kilichofuata walikwenda wote. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena.

"Imepanda," alisema. "Kupanda kidogo si ajabu, risasi hujificha kwenye mifupa na kurudi damuni. Lakini hivi si kidogo. Bado inaingia kutoka mahali. Ikiendelea hivi, degedege litarudi."

Walipoingia ndani, Mama Chiriku alipasuka.

"Umerudi na vumbi lako tena!"

"Naapa sijarudi nalo."

"Dumu likitoboka unafanyaje? Niambie! Karakana yako ni mtoto wako wa kwanza, huyu ni wa pili!"

"Mama Chiriku, naoga kila siku mbele za watu kama kichaa! Ningeweza kumpa mwanangu damu yangu, ningempa. Unataka niichome moto karakana? Sema, niichome!"

"Kaka, wifi, mtoto anasikia," alisema Wifi kutoka jikoni. Waligeuka. Chiriku alikuwa chini ya meza ya cherehani, mahali pake pa kuchezea, ameziba masikio.

Kesho yake Bibi Afya alirudi. Safari hii hakuuliza maswali. "Fanya kazi zako, mama," alisema. "Mimi nakaa tu." Akaketi kwenye mkeka na kuegemeza mgongo ukutani.

Mama Chiriku alikaa kwenye cherehani. Alikuwa na pazia la mteja la kumaliza. Alibana pini midomoni, akakunja pindo, akaanza kushona. Kila baada ya shubiri moja alinyoosha mkono kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa kando ya mguu wake, akatoa mbegu moja, akaipachika ndani ya pindo.

Alifanya hivyo bila kutazama. Mkono uliijua kazi.

Chini ya meza, mkono mwingine mdogo uliingia kwenye kopo. Chiriku alichukua mbegu moja, akaibana kati ya midomo. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Alizipanga vizuri, kama mtu anayejua anachofanya. Kisha akachukua kitambaa chake chakavu, akakikunja pindo.

"Mama," alisema Bibi Afya. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Acha kushona. Tazama chini."

Mama Chiriku aliinama. Alimwona binti yake anamtazama, midomo imebana mbegu za risasi sawasawa na yeye alivyobana pini.

Pini zote zilimdondoka midomoni.

Ni mara ngapi alikuwa amemwona vile? Mara nyingi. Alikuwa akicheka, akamwita Wifi aje amwone fundi mdogo. Walifuta sakafu kwa machozi na jasho, na kopo walilifuta kwa nje tu, wakalirudisha pale pale. Katika akili yake sumu ilikuwa ya karakana. Ilikuwa kwenye ovaroli. Mbegu zilikuwa zawadi ya uchumba.

Alipiga magoti. Alizitoa mbegu moja moja midomoni mwa mtoto. Bibi Afya alimnawisha Chiriku mikono na mdomo. Kopo lilifungwa ndani ya mfuko mzito, likatolewa nje.

Fundi Betri alirudi, ameoga, nywele bado zina maji. Alikuta mkewe amekaa sakafuni.

"Ni mimi," alisema Mama Chiriku. "Nimekutukana bure. Ni kopo langu."

Wifi alisubiri ugomvi. Fundi Betri alikaa naye chini.

"Kopo lako nilijaza mimi," alisema. "Jambo hili tumelipika wote."

Bibi Afya alikohoa kidogo. "Kuna jambo bado. Mapazia uliyouza yako wapi?"

Mama Chiriku alijua lazima ayafuate kwa wateja, na aliogopa. Alichukua mkasi, akaanza na nyumba ya jirani, mke wa mwalimu. Mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Yaani nilikuagiza pazia, ukaniletea sumu?"

"Sikujua, mama. Nimekuja kuitoa."

"Sasa pazia linakaa tu pale dirishani, litamdhuru nani?"

Wote wawili waligeuka kutazama dirisha. Mtoto wa nyumba ile, anayetambaa, alikuwa amekaa chini ya pazia. Pindo lilikuwa mdomoni mwake, limelowa mate mpaka uzi umeanza kuachia.

Mke wa mwalimu hakuuliza tena. Alimnyakua mtoto. Mama Chiriku alipiga magoti, akafumua. Mtoto yule alipelekwa kupimwa siku hiyo hiyo. Alikuwa na risasi, lakini kidogo, na njia yake ilifungwa mapema.

Nyumba kwa nyumba, Mama Chiriku alifumua mapindo yake yote. Wengine walimfokea, wengine walimpa maji ya kunywa. Mbegu zote alimkabidhi Bibi Afya, zipelekwe mahali pa kutunzia taka za hatari. Alitafuta uzito mwingine, akashona nati ndogo za chuma zilizofungwa ndani ya kitambaa. Mapazia yakashuka wima kama zamani, au karibu na zamani.

"Watafiti wetu waliuliza juu ya nguo, udongo na maji," Bibi Afya alimwambia. "Swali la mapazia hatukuwa nalo. Sasa lipo. Kila nyumba ya fundi tutauliza, kuna kitu gani cha risasi mnachotumia humu ndani?"

Halmashauri nayo iliita mkutano wa mafundi. Mkubwa mmoja alisimama akawaambia wawe wanaoga kabla ya kurudi nyumbani. Fundi Betri akanyoosha mkono wake unaotetemeka.

"Mzee, tumekusikia. Tuogee wapi? Karakana hazina hata bomba. Mimi nilibeba dumu likatoboka, na siku hiyo nilimfukuza mwanangu mlangoni kama mwizi. Mnataka tubadilike, tupeni maji."

Wale waliomwita bwana harusi walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Bibi Afya aliongeza kwamba hata watafiti waliona hivyo. Mahali watu walipofundishwa tu, mabadiliko yalikuwa haba. Baada ya miezi kadhaa bomba lilifika, na bafu, na kabati la kuachia ovaroli. Kuyeyusha risasi karibu na makazi kulipigwa marufuku, na mafundi walitengewa eneo mbali na nyumba.

Chiriku aliendelea na dawa. Vipimo vilianza kushuka, safari hii vikaendelea kushuka. Tumbo liliacha kuuma. Rangi ilirudi viganjani. Maneno nayo yalirudi, si kwa mbio kama zamani, bali moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema na kuku. Alisema na cherehani. Alimwambia Wifi chumvi imezidi. Mama yake alisikiliza kila neno, asijue lipi litakuwa la mwisho kurudi na lipi halitarudi kabisa.

Lakini baba yake, Chiriku bado alimtazama tu, mikono mgongoni.

Jioni moja kengele ya baiskeli ililia. Mama Chiriku, ambaye siku hizi pini zake zinakaa kwenye mto mdogo mkononi, aliacha kushona. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlangoni, miguu tu inaonekana.

Fundi Betri alifika kizingitini. Hakuingia. Alisimama na baiskeli yake, shati safi, akasubiri.

Pazia likasogea kidogo. Jicho moja likatokea.

"Umeoga?" aliuliza Chiriku.

"Nimeoga, mwanangu."

"Na... na masikio?"

"Na masikio."

"Nyuma yake?"

Fundi Betri aliinamisha kichwa na kugeuza sikio ili akaguliwe. Chiriku alitoka nyuma ya pazia. Alinusa sikio, alinusa shati, alinusa viganja. Kisha mikono ikatoka mgongoni, ikapanda juu.

"Basi nibebe," alisema. "Baiskeli utaiweka nikiwa juu."